Skrini ya Pili ya Bi Mraba

Ofisini walimwita Bi Mraba, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za viwanja. Mtu akitaka kujenga, ardhi yake inapigwa picha kutoka angani, picha inaletwa kwa Bi Mraba, naye anaigeuza mistari: huu mpaka, hii njia, hapa pajengwe, pale pasiguswe. Ila hakuna siku aliyowahi kuifungua picha nzima kwa mpigo. Aliikata miraba. Alifungua mraba wa kwanza, akaukodolea macho kuanzia katikati kwenda nje, akauchora, akautia alama ya vema kwenye daftari, akaufunga, ndipo akaufungua wa pili. Kama ni miraba mia, basi ni mia. Ungempigia simu kumwambia nyumba yake inaungua, angekujibu, "Subiri nimalize mraba."

Tabia hiyo ilikuwa na chanzo. Miaka kumi na tisa nyuma, alipoanza kazi, kompyuta ya ofisi ilikuwa ukiipa picha kubwa inazimia, na kuizindua ni kazi ya nusu siku. Akajifunza kuilisha kidogo kidogo. Kompyuta ile ilikwisha kufa, na mrithi wake akafa pia, lakini skrini ndogo ya zamani ilibaki, na miraba ikabaki nayo. Mazoea yana tabu. Na kwa nini abadilike? Kwa miaka yote kumi na tisa haikuwahi kurudi hata ramani yake moja kwamba ina kosa. Hilo alilijua kila mtu ofisini, kwa sababu mwenyewe alihakikisha wanalijua.

Sasa, siku moja ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, mdogo wake wa kike aliingia ofisini kinyumenyume, akiusukuma mlango kwa mgongo, mikono imekumbatia boksi pana kama kitanda cha mtoto. Mdogo mtu alikuwa fundi wa kompyuta, na alimzidi dada yake vitu viwili: kimo na maneno.

"Hodi humu! Dada, nimekuletea mwenzako."

"Karibu. Mwenzangu yupi?"

"Huyu hapa." Akalitua boksi juu ya meza, akazisukuma kalamu kwa kiwiko. "Skrini ya pili. Bosi wako kanunua. Anasema amechoka kukuona umeinama kutwa nzima kama mtu aliyeangusha sindano."

Bosi mwenyewe, yaani mpimaji mkuu na mwenye ofisi, hakuwepo kujitetea. Alikuwa kwenye shule ya wasichana, mwendo wa dakika ishirini kwa gari, ambako lilikuwa linajengwa bweni la wanafunzi mia na ishirini. Ramani ya bweni hilo aliichora Bi Mraba, akaisaini wiki tatu zilizopita. Mitaro ya msingi ilikwisha chimbwa, vyuma vimelala ndani yake, na siku hiyohiyo, saa nane mchana, zege lilikuwa limwagwe.

"Mimi sijamlalamikia mtu kuhusu skrini," alisema Bi Mraba.

"Ndiyo maana umeletewa. Ungelalamika angekununulia miwani." Mdogo mtu alikwisha piga magoti chini ya meza, anapapasa waya. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sogeza miguu."

Skrini mpya ilipotoka kwenye boksi na kusimamishwa kando ya ile ya zamani, ilionekana kama imekosea ofisi. Ile ya zamani ilikuwa nene na karibu mraba kamili, imegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Mpya ilikuwa nyembamba, pana, nyeusi tititi. Fundi akachomeka waya, akabonyeza kitufe, na mgeni akafumbua macho.

Bi Mraba akacheka kwa pua. "Hiki ndicho mlichokinunua?"

Kwa kweli hakikuwa kitu cha kusifia. Skrini zote mbili zilionyesha kitu kilekile, na mpya ilikionyesha vibaya zaidi: maandishi yamevimba, mistari ina ukungu, kila kitu kimevutwa pembeni.

"Tulia basi, mama. Hapa inaiga tu," alisema mdogo mtu. "Kila skrini imejaa nukta, vitone vidogovidogo vya mwanga. Hii ya zamani ina nukta milioni moja na ushei. Mpya ina milioni nane. Kompyuta imemwambia huyu wa milioni nane amuige wa milioni moja. Lazima apwaye."

"Nukta milioni nane! Nitazifanyia nini, nizipikie?"

"Utazitazamia."

Akabofya hapa, akabofya pale, akaziamuru zisimame kila moja kivyake. Ukungu ukaondoka mara moja. Badala yake maandishi kwenye skrini mpya yakawa madogo kama sisimizi, na Bi Mraba akaguna tena, na fundi akayakuza tena, akimuuliza baada ya kila hatua, "Hivi unaona? Na hivi?" kama mpima macho.

Mshale nao ukaleta shida zake. Bi Mraba aliusukuma kutoka skrini ya zamani, ukavuka mpaka vizuri, ukaingia ugenini. Lakini alipotaka kuurudisha ukagoma. Akasukuma kipanya mpaka kikafika ukingoni mwa meza.

"Mshale umegonga ukuta," alisema Bi Mraba.

"Ukuta upo kweli," alisema mdogo mtu, akamfungulia visanduku viwili vya kuchora, kimoja kidogo na kimoja kikubwa, vimekaa bega kwa bega. "Huyu mpya ni mrefu kwa nukta. Wewe uko huku juu, na kule juu mzee hafiki. Shuka kidogo utakuta mlango."

Bi Mraba akashusha mshale, na mlango ukapatikana. Akavuka kwenda, akavuka kurudi. Kisha akakamata kidirisha chenye ramani ya barabara fulani, akakiburuta taratibu hadi kikasimama katikati ya skrini mbili, nusu huku na nusu kule. Upande wa zamani barabara ilikuwa nene, upande wa mpya ilikuwa nyembamba na kali kama uzi. Ilikuwa barabara moja. Akakisogeza tena, akaitazama barabara ikinenepa na kukonda inapovuka. Alifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anatabasamu, akasahau kuficha.

"Haya," mdogo wake alisema, akikung'uta magoti. "Kazi yangu nimemaliza. Fungua picha kubwa kuliko zote ulizonazo, nione kama mashine inapumua vizuri."

"Nifungue mraba gani?"

"Mraba wa nini? Fungua yote."

"Yote?"

"Dada, hii haizimii. Ile iliyokuwa inazimia ilikufa wakati mimi bado nasuka nywele mikia miwili."

Bi Mraba alijisikia kama mtu anayeambiwa ale sahani nzima kwa tonge moja. Lakini picha ya shule ilikuwa karibu, ndiyo ya mwisho aliyoifanyia kazi, miraba mia na arobaini na minne. Akaibofya. Ikaanza kuja kutoka juu, ukanda baada ya ukanda, na mara ikawa imekuja yote.

Mdogo wake alimtazama, akashangaa kuona ameachia mdomo wazi.

Bonde lote lilikuwa pale. Alikwisha liona kwa mwezi mzima, mraba baada ya mraba, na kumbe hakuwahi kuliona. Alilijua paa la bwalo lenye bati moja jipya. Alizijua shuka zilizoanikwa nyuma ya jengo la zamani, angeweza kukuambia ni ngapi. Alikijua kichuguu, na uwanja wa mpira uliokwisha nyasi mbele ya magoli, na mstari wa miti iliyopandwa na mtu mwenye haraka. Alivijua kimoja kimoja, kama mtu anayewajua watu wote wa ukoo bila kuambiwa kwamba ni ndugu. Sasa walikuwa wamekaa pamoja, na kila mmoja alikuwa na sura ya mwenzake. Kilima kiliinama ndiyo maana njia ilipinda. Njia ilipinda ndiyo maana miti ilikaa vile. Vivuli vyote vililala upande mmoja, na unyasi mmoja mmoja ulionekana. Bi Mraba alistaajabu mpaka akaona aibu, maana machozi yalikuwa yanamlenga kwa sababu ya nyasi.

"Ee Mungu wangu," alisema polepole. "Kumbe ni pazuri hivi."

Ndipo akauona.

Ulianzia kwenye kilima, pembeni kabisa mwa picha: utepe wa nyasi zenye rangi nzito kidogo kuliko nyasi nyingine. Kidogo sana. Ndani ya mraba mmoja ungekuwa kivuli tu kwenye kona, ungeupita bila kuusalimia. Lakini hapa ulishuka, ukapinda, ukarudi ulikotoka kama uliosahau kitu, ukapinda tena, ukapita chini ya uwanja wa mpira, chini ya uzio, chini ya barabara, upana wake uleule mwanzo hadi mwisho, ukatokea upande wa pili na kwenda zake. Uwanja, uzio na barabara vilikuwa vimelala juu yake bila habari.

"Mto," alisema Bi Mraba.

"Wapi?"

"Huo." Akaufuata kwa kidole bila kugusa kioo.

Mdogo mtu akainama. Alichukua muda, kisha akavuta pumzi. "Dada, pale hakuna mto. Mimi nimepita pale mara ngapi?"

"Ulikuwepo."

"Lini?"

"Kabla ya shule. Kabla ya barabara. Labda kabla ya mtu yeyote kuupa jina. Mto ukikauka unajazwa udongo, majani yanaota juu, watu wanasahau. Ila udongo wake chini hausahau, unabaki laini, na nyasi zinaujua."

"Si njia ya ng'ombe hiyo?"

Swali hilo lilimchoma, kwa sababu ndivyo alivyoandika mwenyewe kwenye miraba miwili: njia ya ng'ombe. "Ng'ombe mwenye kiu hazunguki namna hii," alijibu. "Na njia ya ng'ombe haina upana wa hatua arobaini."

Akaiburuta picha kuipeleka kwenye skrini ya zamani, akaibana mpaka ikaenea yote. Bonde likaingia, na mto ukapotea. Nukta milioni moja hazikutosha kushika upana wote ule pamoja na kivuli chepesi vile. Akairudisha kwenye mpya. Mto ukarudi. Akaipeleka tena na kuirudisha tena, na mara zote mbili nywele za mikono zilimsimama. Maji yaliyopita hapo kabla ya bibi wa bibi yake kuzaliwa yalikuwa yanaingia na kutoka kwa kidole chake.

Kisha fahamu ikampiga kikumbo, akakumbuka kwamba yuko kazini. Bweni.

Aliweka mchoro wake juu ya picha. Mistari minne ya bweni ikatua mahali pake. Nusu ya bweni ilikuwa juu ya ardhi ngumu. Nusu nyingine, ya mashariki, ilikuwa imekaa juu ya kona ya mto ule kama mtu aliyekalia ukingo wa benchi.

Mdogo mtu hakuwa mjenzi, lakini hili hata yeye alilielewa. "Mvua zikija..."

"Maji yatarudi chini kwa njia yake. Nusu itazama, nusu itabaki. Jengo litapasuka katikati." Bi Mraba aliugusa mstari wa mashariki. "Wasichana mia na ishirini, wamelala."

"Lakini si huwa mnachimba kwanza mashimo ya kupima udongo?"

"Tulichimba. Matatu. Udongo mgumu yote." Akabofya, na vidoti vitatu vyekundu vikatokea. Vyote vitatu vilikuwa nje ya mto. Alivitazama, akatamani ardhi impasukie hapohapo mezani. Mahali pa kuchimba alichagua yeye, na kila shimo alilipanga katikati ya mraba, katikati kabisa, kama alivyozoea kuanza kila kitu. Mto nao ulipita pembezoni, kwenye kona, palepale alipokuwa anapitisha kisu. Mtu mwingine yeyote angeyatupa mashimo ovyo, na bahati ingemwokoa. Ni Bi Mraba peke yake ambaye angeweza kuukwepa mto mzima kwa unadhifu.

Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro dakika kumi.

"Mpigie bosi," alisema mdogo wake. "Na umwambie skrini ya zamani ndiyo tatizo. Si uongo, dada. Milioni moja kwa milioni nane! Mimi fundi nitathibitisha, hata barua nitaandika."

Bi Mraba alilifikiria hilo. Tusimwonee, alilifikiria kweli. Miaka kumi na tisa bila kosa si mchezo. Hata lile jingine alilifikiria, lile la kuifunga picha na kunyamaza, kwa sababu nani angejua? Likampitia kichwani upesi, akalifukuza.

"Skrini haikukata miraba," alisema. "Nilikata mimi."

Akapiga simu. Upande wa pili mashine za kuchanganya zege zilikuwa zinajaribiwa, zinanguruma.

"Bosi, simamisha zege."

"Sikusikii!"

"Simamisha zege! Kuna mto chini ya bweni!"

"Mto gani? Nimesimama hapahapa, viatu vyangu vina vumbi."

"Ni mkondo wa zamani, umefukiwa. Nusu ya mashariki imekaa juu yake."

"Bi Mraba, hii ramani ni yako. Saini yako ninayo mkononi."

"Niliisaini. Nilikosea."

Neno hilo halikuwahi kutoka mdomoni mwake ndani ya ofisi ile, na alipolisema alilisikia kama limesemwa na mtu mwingine. Hata mdogo wake aligeuza uso, akajifanya anakunja waya.

"Chimbeni hatua sita kutoka kona ya mashariki, kwa ndani," aliendelea. "Mita tatu kwenda chini. Msipokuta kitu, nifukuze."

"Nikishakufukuza, hasara ya siku nzima nitamwambia nani?" Mpimaji mkuu akashusha pumzi. "Njoo ulisimamie mwenyewe. Nakusubiri mpaka saa saba. Dakika moja haizidi."

Walikwenda na gari dogo la mdogo mtu, kiti cha nyuma kimejaa waya na kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Bi Mraba alikumbatia mkoba wake njia nzima. Walipofika na kushuka, kitu cha kwanza alichofanya ni kuutafuta mto.

Haukuwepo. Palikuwa na uwanda, nyasi kavu, mitaro ya msingi yenye udongo mwekundu, na vumbi. Akatembea hadi mahali ambapo kwa hesabu zake alikuwa amesimama katikati ya mkondo. Akageuka huku na huku. Kila upande palikuwa tambarare kama meza. Alianza kuogopa kwamba kile kioo kipya kimemchezea, kwamba ameaibika kwa ajili ya rangi.

Mkuu wa shule, mama mnene mwenye mwavuli, alikuja akitembea haraka. "Wewe ndiye uliyesimamisha kazi? Wanangu wanalala wawili wawili kitanda kimoja, mwaka wa pili huu. Natumaini una sababu."

"Ninayo, mama. Tuombe niwe nayo."

Katapila likasogea, likazamisha meno yake hatua sita kutoka kona. Mita ya kwanza, udongo mwekundu, mkavu, mgumu. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga pembeni, wengine wanacheka kwa chini. Mita ya pili, mwekundu vilevile.

"Mama!" dereva alipaza sauti kutoka juu. "Tunakaribia kuzimu. Nikifika nimsalimie nani?"

Watu wakaangua kicheko. Mpimaji mkuu hakucheka, alitazama saa. Bi Mraba aliyakaza macho shimoni, midomo inacheza. Mdogo wake, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu duniani, alimshika mkono na hakumjibu dereva.

Ndipo sauti ya katapila ikabadilika. Meno yalikuwa yanakata, sasa yakaanza kukwaruza. Ndoo ikapanda na udongo mweusi, unaong'aa, wenye harufu ya mtungi mpya. Ikashuka, ikapanda tena, ikamwaga kando ya shimo mawe. Yalibingirika, kwa sababu yote yalikuwa ya mviringo. Hakuna hata moja lililokuwa na kona.

Dereva alizima injini bila kuambiwa.

Watu wote wakasogea ukingoni na kutazama chini. Kwenye sakafu ya shimo weusi ule ulikuwa unalowa. Ukawa unameta. Halafu, polepole, bila kelele, maji yakaanza kupanda katikati ya mawe, masafi, kana kwamba yalikuwa yanasubiri tu mtu abishe hodi. Ilikuwa kiangazi, miezi mitatu bila tone. Mmoja wa wafanyakazi akavua kofia ngumu, akaishika kifuani, na hakuna aliyemcheka.

Mpimaji mkuu akashuka shimoni na viatu vyake vya vumbi. Akaokota jiwe moja, akaliosha kwa maji yale, akapanda nalo, akamwekea Bi Mraba kiganjani. Halikuwa kubwa kuliko yai. Lilikuwa laini pande zote, na baridi. Bi Mraba alilifumba, akafikiria maji yaliyoligeuza na kuligeuza, miaka mingapi, usiku na mchana, hakuna aliyekuwepo kuyapima. Alijiona mdogo sana. Haikumuuma. Ilikuwa muda mrefu hajajisikia vizuri hivyo.

"Kwa hiyo wangelala hapa juu," alisema mkuu wa shule. Mwavuli ulikuwa umemwinamia begani na jua linampiga usoni, wala hana habari. "Basi. Watabanana kidogo tena. Heri kubanana."

"Tutalisogeza magharibi," mpimaji mkuu alisema. "Tuchimbe upya, mashimo kumi, na kila shimo nitalisimamia mimi." Akamgeukia Bi Mraba. Kila mtu alisubiri amkaripie, na yeye mwenyewe alikuwa amejiandaa. "Ungeweza kunyamaza," alimwambia.

"Mama ana macho huyu!" dereva wa katapila alipiga kelele, na wengine wakaanza kupiga makofi.

"Acheni," alisema Bi Mraba. "Acheni, msinisifu!" Wakaacha. Lile jiwe alikuwa bado amelishika, na wazo ambalo lilimfuata tangu ofisini ndipo lilipomfikia. "Nimechora viwanja mia tatu na kumi na moja kabla ya hiki. Vyote kwa miraba. Watu wamejenga, wanaishi, wana watoto humo. Sijakiona hata kimoja."

Mpimaji mkuu aligeuka kulitazama shimo.

Aliyesema ni mdogo mtu. Tangu asubuhi hakuwa amesema sentensi bila utani ndani yake. "Dada," alisema, "kiwanja changu nani alikichora?"

Alimjua aliyekichora. Miaka sita iliyopita, mdogo mtu na mumewe walipopata ardhi, Bi Mraba aliwachorea ramani kama zawadi, kazi ya Jumapili tatu. Miraba thelathini na sita. Juu ya ramani hiyo ilisimama nyumba yenye mume na watoto watatu.

Njiani kurudi mdogo mtu aliendesha mikono miwili kwenye usukani kama mwanafunzi wa udereva. Ofisini aliuacha ufunguo mlangoni. Bi Mraba aliketi, akaitafuta picha, akaiweka kwenye skrini mpya, mdogo wake amesimama nyuma yake ameshika kiti kwa nguvu mpaka kinalia.

Picha ikaja. Ilikuwa ardhi tupu, kabla ya nyumba, yenye majani na kijia cha mbuzi na mti mmoja wa miiba.

"Ule mti tuliung'oa," mdogo mtu alinong'ona. "Hapo sasa ndipo jikoni."

Bi Mraba hakuanzia katikati. Alianzia ukingoni, akafuata kila upande, kona zote nne, kisha akaingia ndani polepole, akitafuta kivuli, utepe, chochote kinachopinda bila sababu. Akaweka mchoro wa nyumba juu yake. Akatazama tena.

"Ni ngumu," alisema mwishowe. "Ardhi ngumu yote, mdogo wangu. Watoto wako salama."

Mdogo mtu aliketi juu ya boksi tupu la skrini, boksi likabonyea, akajikuta sakafuni, na hapohapo sakafuni akalia, huku anacheka, huku analia. Bi Mraba alimwacha alie. Mkono wake ulikuwa umekwisha rudi kwenye kipanya. Alifungua picha iliyofuata kwenye orodha, kiwanja cha mtu fulani ambaye hata sura yake hakuikumbuka, alikuja mara moja na fundi wake, akaondoka na ramani akishukuru.

"Zimebaki ngapi?" mdogo mtu aliuliza, akijifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Mia tatu na kumi."

Mdogo mtu akainuka, akavuta kiti, akakisogeza hadi mabega yao yakagusana. "Wewe anzia kulia," alisema. "Mimi naanzia kushoto."

Ardhi ya yule mtu ikajitokeza yote mbele yao, pana, tulivu, na nzuri ajabu, na wale ndugu wawili wakaanza kuitazama kwa hofu ileile.